Anayecheza na Anayeandika

Mwaka 1494 mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu kinene cha hesabu. Vyuo vya uhasibu humtaja kwa sababu ya sehemu moja tu ya kitabu hicho, ile inayoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyoingiza kila muamala mara mbili, debiti huku na krediti kule. Ndani ya kitabu hichohicho kuna swali la mchezo. Pande mbili zinacheza mpira. Kila goli lina pointi 10, na wa kwanza kufikisha 60 huchukua dau lote. Mchezo unakatizwa njiani, upande mmoja ukiwa na 50 na mwingine 20. Dau ligawanywe vipi?

Pacioli alijibu kama mtunza vitabu: tazama kilichokwisha kupatikana, gawa tano kwa mbili. Karne iliyofuata mwanahisabati Tartaglia alilipinga jibu hilo, na mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat, katika barua walizoandikiana, wakaligeuza swali lenyewe. Waliziacha pointi zilizopatikana, wakahesabu njia zilizobaki. Mwenye 50 anahitaji goli moja. Mwenye 20 anahitaji manne mfululizo bila kufungwa hata moja. Kama nguvu zao ni sawa, mgawo wa haki ni kumi na tano kwa moja.

Kati ya tano kwa mbili na kumi na tano kwa moja kuna ugomvi ambao wahasibu bado wanao. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 9, kilichoanza kutumika mwaka 2018, kiliziambia benki ziache kungoja mpaka dalili za hasara zionekane ndipo zitenge fedha; zikadirie hasara inayotarajiwa tangu siku ya kukopesha. Hiyo ni hatua moja kutoka kwa Pacioli kwenda kwa Pascal. Wahadhiri wanaolalamika kwamba wanafunzi hukariri kanuni hiyo bila kuishika wangeweza kuwasimamishia mchezo wowote katikati, wakawataka wagawane dau, kisha wakakaa pembeni kusikiliza kelele.

Namtaja Pacioli mapema kwa sababu siku hizi kufundisha kwa michezo kunazungumzwa vyuoni kana kwamba kuliletwa juzi na simu za mkononi. Mchezo na daftari ni majirani wa zamani. Linalonisumbua mimi ni jambo jingine. Mila mbalimbali zimetumia mchezo kumlea mtu wa hesabu, na kila mila imetoa mtu wake. Nyingi, pamoja na zile zinazosifiwa sana, zilimlea mfanyabiashara zikidhani zinamlea mhasibu. Mfanyabiashara anacheza ashinde. Mhasibu anashika daftari la mchezo wa mtu mwingine, kisha anasimama mbele ya mtu wa tatu kulieleza. Mchezo usiompa mwanafunzi nafasi hiyo ya pili unaweza kuwa mtamu na bado ukamwacha palepale.

Shirikisho la Kimataifa la Wahasibu, IFAC, lina kiwango cha elimu kinachoorodhesha stadi za kitaaluma: za akili, za mawasiliano na kuhusiana na watu, za kujisimamia, na za kupanga kazi. Bodi zetu, NBAA Tanzania na KASNEB Kenya, zinazijua. Lakini mtihani unafika vizuri kwenye ile ya kwanza tu. Kijana anaweza kusawazisha urari wenye makosa matano akiwa peke yake na kikokotoo, na bado akashindwa kumwambia meneja kwamba vocha hii haina saini.

Tuanze na kilicho karibu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita katika shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na nyingine 22 mkononi. Wakati wa kunamua huziingiza moja moja. Zikimalizika, mtaji unaanza, yaani kucheza kwa kete zilizoko ubaoni tu. Wanaolijua bao watanisamehe kwa kusema wanayoyajua, ila kuna mambo mawili humo ambayo sijawahi kuyaona katika kitabu cha kiada cha uhasibu, nayo yanastahili kuwamo.

La kwanza: kete iliyoliwa haitoki ubaoni. Inahamia kwa aliyeila, inasambazwa upande wake, na kesho inaweza kurudi. Katika oware ya Afrika Magharibi, ndugu yake bao, kete zilizoliwa huondolewa zikawekwa pembeni, na anayeshinda ni mwenye lundo kubwa. Kwenye bao hakuna lundo la pembeni. Kunamua kukishakwisha, wakati wowote ukijumlisha pande mbili utapata 64, si 63 wala 65. Kilichotoka kwangu kimeingia kwako. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayehangaika kuelewa kwa nini debiti lazima zilingane na krediti amekwisha kuiona kanuni hiyo barazani kwa babu yake, ila hakuna aliyemwonyesha.

La pili ni namna ya kushindwa. Safu yako ya mbele ikibaki tupu, umekwisha, hata kama safu ya nyuma imefurika kete. Watu wengi waliosomea biashara hawajawahi kuelezwa kwa uwazi namna hiyo tofauti kati ya kuwa na mali na kuwa na uwezo wa kulipa. Kampuni huwa na majengo, magari na viwanja, mizania yake ikanenepa, na mwisho wa mwezi mishahara haipo. Mchezaji wa bao anayelijua hilo hajazi nyuma kwa kujifurahisha.

Bao linafundisha pia kuhesabu mbele kwa macho bila kugusa. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, ambaye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1995 ilitokana na kukaa na mabingwa wa Zanzibar, alitaka kujua ukomo wa akili katika mchezo huu: bingwa anaona hadi wapi, na anakumbuka vipi. Hizo ni stadi za akili kabisa, kwa maana ya IFAC.

Hata hivyo bao lina pengo, na pengo lenyewe liko pale ambapo kazi ya mhasibu inaanzia. Haliandikwi. Mchezo ukiisha, umeisha. Anayedai kwamba mwenzake alisambaza kete vibaya dakika kumi zilizopita hana pa kuonyesha. Ana mashahidi tu waliokaa kwenye mkeka, na mashahidi wa bao kila mmoja ana upande wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na maneno hayo utayakuta yamebandikwa dukani juu ya kaunta. Mila iliyotoa methali hiyo ndiyo iliyotoa bao, na haikuwahi kuvikutanisha. Pacioli alikaribia zaidi. Mnamo mwaka 1500 hivi aliandika pia muswada wa sataranji, wenye michoro ya mikao ya kete ubaoni na mafumbo ya kufumbua. Muswada huo ulitambuliwa mwaka 2006 katika maktaba moja ya Gorizia, Italia. Mtu aliyewafunza Wazungu leja ndiye aliyekaa akachora mchezo ili asiyekuwapo aufuatilie.

Kwa Wamarekani mchezo uliovuma ni Monopoly, na historia yake ni ya darasani tangu mwanzo. Lizzie Magie alipata hataza ya mchezo wake wa mwenye ardhi mwaka 1904. Alitaka watu waone kwa macho yao hoja za mwanauchumi Henry George: kwamba kodi ya pango humtajirisha mwenye ardhi na kuwafukarisha wapangaji. Mhadhiri Scott Nearing aliutumia akifundisha uchumi Pennsylvania. Kampuni ya Parker Brothers ilipouuza kwa jina la Monopoly mwaka 1935, somo lilikuwa limegeuzwa chini juu. Kilichobaki kilikuwa raha ya kumfilisi jirani.

Walimu wa uhasibu wakauokota. Mwaka 1989 W. Robert Knechel alieleza katika jarida la Issues in Accounting Education jinsi ya kuutumia badala ya lile zoezi refu la vitabu ambalo kila chuo kinalo: bahasha ya ankara na stakabadhi za kampuni ya kubuni, ambazo mwanafunzi huziingiza kwenye leja hadi afike kwenye mizania. Ubaya wa bahasha ile unajulikana. Jibu ni moja kwa darasa zima, na jibu moja husafiri haraka kutoka bweni hadi bweni. Mchezo humpa kila kundi miamala yake. Huwezi kunakili mizania ya meza ya pili, kwa sababu wao walinunua reli na nyinyi mkajenga nyumba.

Na ndani ya miamala hiyo mna maswali mazuri ajabu. Kila ukizunguka ubao unapewa dola 200. Hayo ni mapato ya nini, na umeyafanyia kazi gani? Nyumba uliyojenga, ukitaka kuirudisha, benki inaichukua kwa nusu ya bei. Basi asubuhi uliponunua uiandike kwa bei uliyolipa au kwa nusu unayoweza kuipata? Kiwanja ukikiweka rehani unapewa nusu ya bei yake, na kukikomboa kuna riba ya asilimia 10. Je, riba hiyo uanze kuitambua lini?

Swali ninalolipenda kuliko yote liko kwenye kadi. Ipo kadi inayomwarifu mchezaji kwamba benki imekosea kwa faida yake, achukue dola 200. Kila anayeipata hufurahi. Mhasibu akifurahi, ana tatizo. Katika usuluhishi wa benki, fedha iliyoingia kimakosa si mapato hata kidogo. Ni deni, na hatua inayofuata ni barua kwa benki. Mchezo unamwambia mwanafunzi aseme asante aendelee. Mwalimu asiyeusimamisha pale ameacha somo bora kuliko yote ya jioni hiyo lipite.

Kisha kuna mshika benki. Sheria za Monopoly zinamruhusu mshika benki kuwa mchezaji pia, mradi atenganishe fedha zake na za benki. Familia yoyote iliyocheza inajua mwisho wa habari hiyo. Mkaguzi akikuta ofisi ambamo mshika fedha ndiye mnunuzi na ndiye mwandishi wa daftari, anaandika hoja ya ukaguzi kabla hajakaa. Mchezo mashuhuri kuliko yote wa fedha umejengwa juu ya kasoro ambayo taaluma hii ipo ili kuizuia.

Robert Kiyosaki, ambaye vitabu vyake vinauzwa kando ya barabara Dar es Salaam na Nairobi vikiwa vimepangwa pamoja na vya dua na vya mapishi, aliliona hilo kwa jicho moja. Mchezo wake wa Cashflow, uliotoka mwaka 1996, humtaka kila mchezaji ajaze mwenyewe taarifa ya mapato na mizania yake, na anayekaa kuliani kwake ndiye mkaguzi wake. Hilo la mkaguzi nalivulia kofia. Lakini lugha ya mchezo inakwenda kinyume na darasa: kwa Kiyosaki rasilimali ni kitu kinachokuingizia fedha mfukoni, hivyo nyumba unayoishi inahamia upande wa madeni. Mwanafunzi anayefanya hivyo kwenye mtihani wa CPA ataona alama zake. Na lengo la mchezo ni lilelile, kutajirika. Mkaguzi wa kuliani yupo ili wewe usikosee njiani kuelekea utajiri wako. Hayupo kwa niaba ya mtu mwingine yeyote.

Michezo mikubwa ya usimamizi ya karne iliyopita nayo ilitazama upande huohuo. Leningrad mwaka 1932, Maria Birshtein aliwachezesha wakuu wa kiwanda cha taipureta zoezi la kubadili mpango wa uzalishaji. Mwaka 1957 chama cha mameneja cha Marekani kilizindua mchezo wa wakurugenzi uliopigiwa hesabu kwa kompyuta. Mjamaa na bepari, wote wawili walitaka mfanya maamuzi aliye imara. Aliyeandika maamuzi yale hakupewa kiti.

Wajapani walifanya kitu chenye akili zaidi. Mwaka 1976, ndani ya Sony, Nishi Junichiro alitengeneza mchezo wa mezani ambamo kila mtu ni kampuni ya kiwanda: ananunua malighafi, anaajiri, anaweka mashine, na kwenye soko anashindana na wenzake kwa bei. Kipindi kikiisha, kila mmoja anafunga hesabu zake kwa mkono, kalamu na karatasi, halafu ndipo kipindi kipya kinaanza. Gharama zisizobadilika na zile zinazofuata idadi ya bidhaa hutenganishwa wazi, ili mchezaji aone ni bidhaa ngapi zinahitajika kabla faida haijaanza kupumua. Kufunga hesabu za maamuzi yako mwenyewe, ukiwa umechoka na ukijua ulikosea wapi, ni mafunzo makali. Fundi wa mashine akipitishwa humo hutoka akisoma taarifa ya fedha kama gazeti. Lakini lengo la Sony lilikuwa hasa hilo, kumfanya kila mfanyakazi aelewe hesabu. Mhasibu anahitaji kitu kimoja zaidi, nacho hakimo: hesabu za maamuzi ambayo hakuyafanya yeye.

Kwa hiyo mimi nawapa Waaustria na Wajerumani kiti cha mbele, ingawa mchezo wao hauchekeshi mtu. Wanauita kampuni ya mazoezi. Katika shule za biashara za Austria ni somo la lazima. Nchini Ujerumani hutumika pia kuwafunza upya watu wazima waliopoteza kazi. Wanafunzi hugawanywa katika idara, manunuzi, mauzo, utumishi, uhasibu, na huzungushwa. Bidhaa hazipo. Fedha hazipo. Vilivyopo ni karatasi: oda, ankara, hati za mishahara, marejesho ya kodi. Kampuni hizo huuziana zenyewe kwa zenyewe, hata kuvuka mipaka ya nchi, na kituo kikuu cha kila nchi hucheza benki, mamlaka ya kodi na msajili wa makampuni. Mtandao wa kimataifa unaoziunganisha makao yake yako Essen.

Uzuri wake uko kwenye mgeni. Ukichelewa kulipa ankara, barua ya kukumbusha deni inatoka kwa kijana wa mji mwingine ambaye hakujui, hakuhurumii, na naye mwalimu wake amemkalia kooni kuhusu wadaiwa. Ukikosea kodi, kituo kikuu kinairudisha. Hakuna mshindi wa mwisho wa jioni. Kuna faili, na faili lisipokuwa sawa Ijumaa, aliyezungushiwa idara yako Jumatatu atakutafuta. Hapo ndipo zile stadi tatu zisizoingia kwenye mtihani zinapozaliwa, kwa uchovu tu wa kujibu barua.

Na sisi tunacho cha kufanana na hicho, ila hakiko chuoni. Kiko kwa akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Katika utaratibu ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na ambao umeenea hadi vijijini kwetu, sanduku lina kufuli tatu. Funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, ambao si viongozi; mtunza sanduku hana hata mmoja. Wahesabu fedha ni wawili, na mwandishi si wao. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na kabla ya kutawanyika wanachama hutajiwa salio walikumbuke, ili kikao kijacho kianze kwa kuulizana. Watu ambao wengine hawakumaliza shule wanautekeleza kila wiki mgawanyo wa majukumu ambao mwanafunzi wa mwaka wa tatu anauandika kwenye karatasi ya mtihani kama vipengele vya kukariri. Nashangaa kwamba hakuna desturi ya kumpeleka mwanafunzi huyo akakae kwenye kikao kimoja, awe kimya, kisha arudi aeleze nani angeweza kuiba na kwa nini hakuweza.

Nikipewa darasa kesho, nisingeagiza programu yoyote. Ningechukua bao na kuweka watu wanne kila ubao. Wawili wanacheza. Wa tatu anaandika, na namna ya kuandika anabuni mwenyewe: mashimo yaitweje, mtaji mmoja unaozunguka mara tatu uingizwe kwa mstari mmoja au mitatu. Hiyo ni kazi ya kuunda mpangilio wa akaunti. Wa nne hayupo chumbani. Anaitwa mchezo ukiwa umesimamishwa na ubao umefunikwa, anapewa daftari peke yake, na anatakiwa kuupanga ubao wa pili sawa na ule uliofunikwa. Kete zikitimia 64 na bado mikao ikawa tofauti, atajifunza kwa nini urari uliolingana haumaanishi hesabu sahihi. Alama ziende kwa mwandishi na mkaguzi. Wachezaji wapewe heshima ya kushinda, inawatosha.

Ningeongeza jambo moja ambalo wahadhiri wenzangu wangelikataa kwanza. Mmoja wa wachezaji awe mtu mzima, mhadhiri mwenyewe au mhasibu aliyealikwa kutoka ofisini, mtu wa kupewa shikamoo. Na katikati ya mchezo, kwa siri, amwambie mwandishi: mwanangu, pale andika nne, tutarekebisha baadaye. Michezo ya Marekani haina kadi hiyo kwa sababu haina mwandishi. Kampuni ya mazoezi ya Austria inaikaribia, maana mwalimu ndiye bosi, lakini kule kijana kumkatalia mkubwa hakumgharimu kama kunavyomgharimu hapa. Waajiri na wakaguzi wanaijua sentensi inayotokea kila wanapouliza nani aliidhinisha malipo haya: niliambiwa tu. Anayeitoa mara nyingi si mwizi. Ni mtoto wa watu, amelelewa vizuri, na hakuwahi kufanyishwa mazoezi ya kusema hapana kwa adabu.

Mazoezi hayo yana ufundi wake. Mwandishi anaweza kukataa waziwazi. Anaweza kusema, mzee, nikiandika nne mwenzangu hatafikisha 64, naomba unisainie hapa pembeni. Anaweza kuandika kilichotokea na kuongeza mstari kwamba aliombwa kuandika kingine, na nani na saa ngapi. Au anaweza kuandika nne. Mkaguzi akirudi chumbani hataambiwa lolote kuhusu ombi hilo. Kazi yake ni kupanga ubao, kulifungua daftari mbele ya wenzake watatu, na kuuliza mstari kwa mstari.